Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Karatasi aliyoniletea Komora ina mistari kumi na minne, na katika mstari wa tisa ameandika kwamba marehemu mume wangu, Buya, "alipigana vita vya haki kukilinda kijiji cha Migombani." Ni hotuba itakayosomwa siku ya hitima ya arobaini, hapa uani kwetu Garsen, baada ya dua na kabla ya pilau. Komora alikuwa rafiki wa Buya tangu ujana wao, na anajua nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo alinipitishia karatasi chini ya pazia pamoja na kalamu nyekundu aliyoinunua dukani makusudi. "Nisahihishie makosa, shemeji," aliniambia. "Nisije nikaaibika mbele za watu." Nimesahihisha. Koma nimeziweka, herufi kubwa nimezipunguza, maana Komora anazipenda mno. Mstari wa tisa niliupita mara ya kwanza, nikaupita mara ya pili, na leo ni siku ya nne karatasi iko chini ya mto wangu.

Niko eda. Mwanamke aliye eda hana pa kwenda, na asiyekuwa na pa kwenda husikia mengi. Dirisha la chumba hiki lina wavu tu, na wanaume wanaokuja kutoa pole hukaa kwenye mkeka chini yake. Alasiri zote hizi nimewasikia wakinywa kahawa na kuusifu mwaka ule wa vita. "Walianza wao," husema mmoja. "Sisi tulijitetea," humjibu mwingine, na hapo kikombe kinazungushwa tena. Wengi wao hawakuwapo. Wengine walikuwa hawajazaliwa. Buya mwenyewe alikuwa akiyasema maneno hayo hayo, mezani, njiani, hata akiangalia habari za nchi za mbali kwenye runinga: kuna vita vya haki, na vyetu vilikuwa mojawapo. Nimeishi naye nikiyasikia, na sijawahi kumjibu, mimi ambaye siwezi kuona kosa kwenye daftari la mtoto nikalinyamazia. Sasa nimebaki na karatasi, na mtu wa kumjibu hayupo.

Sitawachosha na habari za kwetu Ndera, nani alimzaa nani. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sijasomea ualimu bado, nikapata nafasi ya kufundisha darasa la pili Migombani, kijiji cha wakulima kilichokaa juu ya ukingo wa Tana. Nilipewa makazi katika nyumba ya Mzee Hiribae, mmoja wa wazee wa baraza la kijiji, baraza ambalo kule huitwa gasa. Chumba changu kilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili yalikaa magunia ya mpunga na mchele, na mpaka wetu ulikuwa jamvi lililotundikwa kwenye boriti. Panya hawakuutambua mpaka huo. Upande mwingine kulikuwa na ukuta wa fito na udongo, na ng'ambo yake sebule ya Mzee, kwa hiyo hakuna lililosemwa sebuleni ambalo sikulisikia. Mke wake, Mama Rehema, alipika kambare mkavu kwa maembe mabichi, na wali wa mpunga mpya uliokuwa na harufu ya peke yake, nikanenepa hata gauni langu la kazini likaanza kunibana. Mbele ya nyumba, ng'ambo ya kijia, alikaa Buya, mtoto wa ndugu yake Mzee, pamoja na kaka yake Jara. Buya alikuwa na kazi nyingi za kumleta uani kwetu. Leo ameleta mkungu wa ndizi, kesho amekuja kuangalia kama ule mkungu umeiva.

Kila asubuhi alikuja Habona na maziwa. Alikuwa rika langu, mke wa mtoto wa Mzee Galgalo, mfugaji aliyekuwa na boma lake kwenye mbuga, mwendo wa kama saa mbili kutoka mtoni. Alibeba maziwa kwenye kibuyu kilichovishwa ngozi na kufukizwa moshi kwa ndani, na mwanzoni moshi ule ulinichefua, lakini haukupita mwezi nikawa chai isiyo na moshi naiona maji ya moto. Mimi nilimfundisha Habona kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi la jikoni, naye alinilipa kwa kunicheka. "Mwalimu, wewe kubwa hivi, hapana mume?" alikuwa akiniuliza, huku amemkazia macho Buya aliyekuwa anaangalia ndizi. Mama Rehema alikuwa amenifundisha jambo moja tangu juma la kwanza. Maziwa yakishamiminwa, kibuyu cha Habona kinatiwa kitu: mchele, unga, mahindi, hata kiganja kimoja siku ya shida. Hakirudi kitupu. "Kikirudi kitupu," alisema, "ndiyo tumewaambia urafiki umekwisha." Alilisema hilo kwa namna mtu anavyokuambia usiache mlango wazi mbuzi wakaingia.

Urafiki wenyewe ulikuwa na uzito kuliko maziwa. Watu wa mtoni hawakai na ng'ombe nyumbani, kwa sababu ya mbung'o. Mkulima akipata ng'ombe humpeleka kwa rafiki yake mbugani, amtunze pamoja na wake. Maziwa ni ya mchungaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mzee Hiribae alikuwa na ng'ombe saba katika zizi la Mzee Galgalo, na alama yake ilikuwa sikio la kushoto lililochanwa mara mbili. Wazee hao wawili walikuwa wakikaa barazani na birika la chai kati yao, wakitaniana mpaka chai ikapoa. "Hiribae, wewe mwaka mzima nalima matope, mwisho nakula majani," Galgalo alikuwa akisema. "Na wewe mwaka mzima unafuata mikia," Hiribae alikuwa akijibu, "umejua sura ya ng'ombe yupi?" Buya alikuwa akikaa nao na kumiminiwa chai. Nataka hilo likumbukwe.

Mwaka huo mvua zilikosa mara mbili. Wafugaji wa mbali, wa huko juu Bangale na kupita, wakashuka na makundi makubwa kutafuta maji, watu ambao hata Galgalo hakuwajua. Mifugo hufika mtoni kwa malka, njia pana inayopita kati ya mashamba mpaka majini. Tuseme ukweli, malka yetu ilikuwa imelimwa. Kila msimu mtu alisogeza mahindi yake hatua mbili, na jirani wa upande wa pili naye akasogeza yake, mpaka njia ya ng'ombe mia ikawa njia ya baiskeli. Ng'ombe wakaingia shambani kwa Jara, kaka yake Buya, wakala mahindi yote aliyokuwa akiyategemea. Jara akamkata mmoja mguu kwa panga. Siku mbili baadaye alikutwa kwenye mtaro wake wa maji, amechomwa mkuki, na wale wageni walikuwa wamekwisha kuondoka na mifugo yao. Walimleta juu ya kitanda cha kamba, wakapita mbele ya darasa langu. Mtoto wake wa kati alikuwa ameketi dawati la mbele, anaandika. Aliinua kichwa akaona miguu, akasema, "Hivyo ni viatu vya baba."

Mzee Galgalo alikuja maziko. Alisimama nyuma kabisa, peke yake, na baada ya dua alimshika Hiribae mkono, akaondoka bila kula. Mimi nilimtazama akienda na moyoni nilimchukia. Hakuwa amefanya kitu. Nilimchukia hivyo hivyo, kwa sababu ya kanzu yake na fimbo yake na namna alivyotembea, na nilitamani mtu, mtu yeyote, aone uchungu ambao yule mtoto ameuona. Wanaosema vita huanzishwa na watu wabaya hawakuwa na mimi siku ile. Nilikuwa msichana mwema, mwenye wudhuu, na nilikuwa tayari.

Wiki hiyo hiyo gasa likakaa sebuleni kwetu, mchana. Vijana walitaka neno la wazee, maana bila neno hilo hakuna aliyekuwa anathubutu kwenda. Mama Rehema na mimi tulikuwa tunapika, na nilikuwa naingia chumbani kila mara kuchota mchele ambao hauhitajiki, ili nisikie.

"Mnataka kwenda kwa nani?" aliuliza Mzee Hiribae.

"Kwa waliomuua Jara," Buya alijibu.

"Unawajua?"

"Ni wafugaji, ami."

"Nimekuuliza unawajua."

Hapo akadakia kijana wa kijiji cha pili, mrefu, ambaye nilikuwa sijamwona kabla. Ndiye Komora. "Mzee, wale wameenda, hatuwapati tena. Lakini walipofika hapa nani aliwaonyesha njia? Hawa wa karibu ndio macho yao. Boma la karibu ni lile la mbugani. Tukikaa kimya, kesho ni mwingine, na keshokutwa ni mimi."

"Kasema kweli kijana," alisema mzee mmoja. "Mtu akiingia kwako na mkuki, hakuna aliyekukataza kujitetea. Hiyo ni haki."

"Akiingia," alisema Hiribae. "Wewe umesema akiingia. Akiingia, mimi na uzee wangu nitatoka na panga, na nikifa mnizike. Lakini hawa wanataka kutoka waende kwa mtu, yuko na watoto wake, hajui lolote. Hapo anayejitetea ni nani?"

Nilisikia mtu akijisogeza kwenye mkeka. Kisha Buya akasema, taratibu, "Ami, ungekuwa ni mtoto wako aliyeletwa juu ya kitanda kile, ungeniuliza maswali haya?"

Mama Rehema akanisukuma begani. "Peleka chakula." Katika nyumba ile, mwenyeji asipolikubali shauri hakunawa wala hakula, sinia lilikaa mpaka likapoa na kila mtu akaenda kwake. Nikaliweka sinia katikati, nikashika birika na beseni, nikasimama mbele ya Mzee Hiribae. Alikuwa analitazama sinia. Alinitazama na mimi. Nilimwona ni mzee aliyechoka, na nilisema moyoni, nawa, baba, nawa yaishe. Akanyoosha mikono, nikammiminia maji. Alikula matonge matatu, na vijana wakajua. Hata leo nikishika birika la kunawisha wageni nauona mkono ule, kucha zake zina udongo wa mpunga.

Walipanga waende keshokutwa yake alfajiri, ili vijana wa vijiji vya jirani wawahi. Nilipokuwa nakusanya sahani, vijana wamekwisha kutoka, nilisikia mzee mmoja akilitaja jina kwa mara ya kwanza, boma la Galgalo, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekitaka. Mpaka pale nilikuwa nimewatamani wafugaji, na wafugaji hawana uso. Boma la Galgalo lilikuwa na Habona ndani yake, na mtoto wake wa miezi minne.

Asubuhi ya pili alikuja kama kawaida, ameambiwa apitie nyuma ya choo ili wanakijiji wasimwone sana, mtoto mgongoni. Mama Rehema alikuwa ameenda mtoni. Buya na wenzake wawili walikuwa uani, hatua kumi kutoka jikoni, wananoa mapanga kwenye jiwe. Hawakumficha Habona wala hawakumsemesha. Nilimimina maziwa kwenye sufuria polepole kuliko yanavyohitaji kumiminwa. Nikimwambia neno, watasikia. Hata nikimnong'oneza, wanaume wake watawavizia hawa vichakani kwa mikuki, na wa mbele atakuwa Buya, maana amefiwa. Nikinyamaza, kesho alfajiri atauawa yeye na huyu wa mgongoni. Nilimpenda Buya. Habona nilikuwa nimemfundisha kuandika H. Basi nikafanya jambo nililoliona la akili. Nikaziba kibuyu, nikampa kitupu.

Alikipokea, akakitikisa sikioni. "Mwalimu," akasema, "mchele nakwisha?"

"Haupo," nikamwambia.

Magunia yalikuwa yanaonekana pale pale, jamvi lilikuwa limefunuliwa. Aliyatazama magunia, akawatazama wanaonoa, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaenda, bila kuaga, na nilimwona akishapita migomba akianza kukimbia huku amemshika mtoto kwa nyuma. Nilijiona nimemwokoa kila mtu. Wataelewa, nilijiambia, watahama na watoto wao leo hii, vijana watakuta boma tupu, watarudi nyumbani wamechoka na hasira zimewaishia.

Kesho yake vijana walirudi kabla ya adhuhuri, na kweli walikuta boma tupu. Wanawake, watoto na kundi lote walikuwa wamehama tangu jana. Isipokuwa ng'ombe saba waliofungwa pembeni, na mzee mmoja ameketi kati yao kwenye kigoda, hana hata fimbo. Komora alikuwa na masikio ya ng'ombe wale yametungwa kwenye ukambaa, ushahidi kwamba wamefika. Aliyaweka mbele ya Mzee Hiribae barazani, huku wengine wanashangilia nyuma yake. Buya hakuwa mbele. Alisimama kule kwenye migomba, na panga lake alikuwa amelifunga kwenye shuka, sikuweza kuliona.

Mzee Hiribae aliokota sikio la kwanza, akaligeuza. Akaokota la pili. Alichambua yote, ya kushoto akayaweka upande mmoja, saba, kila moja limechanwa mara mbili. Vijana wale hawakuwahi kwenda mbugani kuangalia mifugo. Alama walizijua wazee tu.

"Hawa ni ng'ombe wangu," alisema.

Kelele zikazimika kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Na aliyekuwa nao?" aliuliza. "Yule mzee. Alisema nini?"

Komora alikuwa anatazama chini. "Alikutaja wewe, mzee. Alisema, 'Hiribae iko wapi? Mimi naleta ng'ombe yake.' Tukaona ni ujanja."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Ndipo nilipoiona hesabu yote, mimi mwalimu. Sikuwa mtu wa kijiji kile. Mama Rehema alikuwa amenifundisha nusu ya kwanza ya desturi, nami sikuuliza ya pili. Urafiki ukikatwa, amana hurudishwa, na ng'ombe wa mtu hawaachwi porini, hukabidhiwa mkononi. Mzee Galgalo aliwahamisha watu wake wote, akabaki kumkabidhi rafiki yake mali yake. Hiribae aliingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia kupitia ukuta wa fito. Sijawahi kumsikia mwanamume mzima akilia namna ile, na sikumwambia kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Alikufa hajui kwa nini rafiki yake alikuwa ameketi pale.

Siku ya tano walikuja wao. Migombani iliungua, nyumba na mpunga na jamvi langu, na Mama Rehema hakutoka. Sitasimulia zaidi ya hapo. Tulikaa Garsen kwenye uwanja wa shule mpaka mwaka ukaisha, tukila mahindi ya msaada, na baadaye ikaja serikali na mabaraza ya amani na vikombe vya chai vya plastiki. Mwaka uliofuata Buya alinioa. Siku moja tu nilimuuliza kuhusu asubuhi ile. Akasema, "Mimi nilifika mwisho." Sikumuuliza mwisho wa nini. Tangu hapo ndipo alipoanza kusema vita vile vilikuwa vya haki, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kusema. Mimi ninavyomjua mume wangu, mtu asiyerudia jambo mara mbili akinunua hata shamba, naamini alikuwa hajasadiki.

Juzi Habona alikuja kunipa mkono wa pole. Naye anakaa Garsen siku hizi, anauza maziwa sokoni kwa mitungi ya plastiki, na miaka yote tumesalimiana, tumeulizana watoto, na nimenunua maziwa yake bila kuomba apunguze bei. Hilo lingine hatukuligusa. Safari hii alikuja na kibuyu, cha ngozi, kimefukizwa. Alikaa kwenye kitanda pembeni yangu, akanishika goti. Nje, wanaume walikuwa kwenye kahawa yao.

"Buya nakwenda," alisema. "Sasa mimi naweza uliza. Ile siku kibuyu ilikuwa tupu. Wewe nasahau, ama nasema kitu?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilitaka mhame."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni siku nyingi. "Mimi najua. Mimi naambia mzee, hii mwalimu nafanya, ile vijana nanoa panga, tukimbie. Mzee nasema hapana. Kibuyu natoka nyumba ya Hiribae, hii maneno ya Hiribae. Nasema, Hiribae naniacha, mimi siwezi kaa na mali yake. Nyinyi enda." Aliutazama mlango. "Ilimuuma sana. Zaidi ya kuogopa, ilimuuma."

Nililia. Miaka yote nilijua nimemuua. Sikujua kwamba kabla ya kumuua nilimwambia uongo juu ya rafiki yake. Habona aliniacha nilie. Kisha akauliza, "Buya alikuwako?"

Ningeweza kusema sijui. Yuko kaburini, nani angenihoji? "Alikuwako," nikasema. "Na alimjua. Alikunywa chai naye."

Aliuondoa mkono wake gotini kwangu. Dirishani mtu alikuwa anasema walianza wao, walianza wao, kila mtu anajua. Habona alisikiliza, uso wake hauna kitu.

"Wakati wanaume yetu nakwenda kuchoma Migombani," alisema mwishowe, "mimi napiga vigelegele. Na mtoto mgongoni. Mimi nasema, haki, hii sasa ndiyo haki. Mama Rehema alikuwa nanipa mchele kila siku." Akanyanyuka, akajitanda mtandio. "Basi ile vita ilikuwa haki mara mbili, Mwalimu."

Akatoka kupitia nyuma, kama zamani. Kibuyu alikiacha, kimejaa, na hakusema atakirudia lini. Nimeyamimina maziwa, nimekunywa, nimeosha kibuyu na kukijaza mchele mpaka shingoni, na nimekiweka karibu na mlango. Nimewaza sana siku hizi mbili. Siwezi kusema mtu asimzuie aliyemjia mlangoni na mkuki. Mzee Hiribae alisema atatoka, na ningetoka naye. Lakini ile haki yetu nimeifuata hatua kwa hatua, kutoka mtaro wa Jara mpaka kigoda cha Galgalo mpaka mlango wa Mama Rehema ulioungua, na hakuna mahali ilipomkuta aliyemuua Jara.

Leo alasiri Komora alikuja kuchukua karatasi yake. Mstari wa tisa sikuufuta. Buya aliusadiki au alitaka kuusadiki, na ni hitima yake. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika mwingine: "Na asubuhi ile waliuawa ng'ombe wetu saba pamoja na Mzee Galgalo, aliyekuwa amekaa kuturudishia." Nikampitishia chini ya pazia. Nilimsikia akisoma, midomo inanong'ona kama mtoto wa darasa la pili. Alipofika pale akasita. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Galgalo," alisema, polepole. "Shemeji, ndilo lilikuwa jina lake?"

"Ndilo."

"Sisi tulikuwa tunamwita yule mzee," alisema Komora. "Miaka yote. Mimi na Buya, tukiwa wawili tu, yule mzee, yule mzee. Hakuniambia kama ana jina."

Nilimwona kupitia upindo wa pazia amejiinamia pale kizingitini, karatasi mkononi, na kutoka uani walikuwa wanamwita aje anawe, chakula kimeshaletwa.